Mzee Nikoni na Kamera ya Eliapenda

Leo ni Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025. Ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke Karatu. Naandika nikiwa kwenye kambi ya ujenzi wa barabara karibu na Kibondo, na mikono bado ina vumbi la kokoto za jana. Anneth wa ofisi ya kazini kwangu kwa zamani amenitumia ujumbe kwamba Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu mzee Vedasto Tluway, mpiga picha wa Kambi ya Ukingoni, ile kambi ya watalii juu ya kreta, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja, na kwamba mimi Emmanueli niandike wasifu wake uchapwe kwenye ratiba ya sherehe. Nilimjibu kuwa niliishia darasa la sita. Akasema, "Wewe ndiye uliyembebea stendi ya kamera miaka yote ukitoka kwenye kazi yako ya kujenga kwa mawe. Andika, koma nitaweka mimi." Basi koma zikikosewa, muulizeni Anneth.

Vedasto ni mtu wa Ganako. Alikuja kambini mwaka 1994 kuwa mhudumu wa mezani. Kila akimpelekea mgeni chai alisimama kidogo kuitazama kamera yake, mpaka mzee mmoja wa Kizungu, siku ya kuondoka, akamvalisha shingoni Nikoni ya chuma, ya filamu, pamoja na ukanda wake wa njano. Meneja wa wakati ule akaona afadhali apige picha kuliko kumwaga chai. Filamu zilikwenda Arusha na gari la mboga, na picha ziliporudi mgeni alikuwa ameshafika kwao zamani. Vedasto alizitia kwenye bahasha na kuzipeleka posta. Nakumbuka harufu ya zile picha, na jinsi watu wa jikoni walivyoacha vitunguu kwenye moto kuja kuzitazama. Siku hizi mgeni anajiona hapo hapo, hajipendi, anafuta, anapiga tena. Wakati ule ulikaa wiki nzima hujui umepata nini.

Kambi nzima ilimwita Nikoni. Kadi moja ya harusi kutoka Rhotia ililetwa imeandikwa "Bwana na Bibi Nikoni", na mke wake, mama Dorkasi, akaenda nayo bila kusahihisha. Mlango wa nyumba yao Vedasto aliupaka rangi ya njano kama ule ukanda. Mgeni alipofika, Vedasto alimtazama kifuani kabla ya usoni. Mwenye ukanda wa njano alikuwa ndugu yake, alipelekwa kwenye jiwe zuri la kutazamia kreta ukungu unapofunguka asubuhi. Mwenye Kanoni, kamera ya kampuni pinzani, naye alihudumiwa vizuri, ila kama mtu anavyohudumiwa mgonjwa. "Pole na safari," alimwambia, "na pole na hiyo."

Jambo moja lilitushangaza wote. Wanaojua kamera wanasema pete za lenzi ya Nikoni huzungushwa upande mmoja, na za Kanoni upande wa pili. Mkono wa Vedasto ulishazoea upande wake mpaka ukawa unazungusha kila kitu hivyo. Chupa ya chai aliyoifunga yeye ilimwagika mezani. Balbu aliyotumwa kuikaza ilianguka. Jikoni walikuwa wanasema, "Nani amefunga hiki?" na kabla jibu halijaja wote wameshaangalia mlangoni.

Mpinzani wake alikuwa Eliapenda, dereva wa wageni, mtu wa Machame, mwenye Kanoni na kofia nyekundu yenye jina la kamera yake. Chakula cha mchana cha madereva hakikuliwa bila wao wawili.

"Nikoni, leo yule simba alikusubiri?"

"Simba wangu hana haraka. Wa kwako anakimbia akiona hiyo kofia."

"Shika basi hii yangu ujaribu siku moja, utubu."

Hapo Vedasto alikuwa anainua mkono wake wa kulia. "Mkono huu haujawahi kushika Kanoni, na hautashika mpaka nazikwa." Madereva vijana walikuwa wanampigia makofi. Sentensi hiyo aliirudia miaka na miaka, na haikuwa kweli. Nasema hivyo kwa sababu mwenyewe ameniruhusu, na kwa sababu bila hiyo hamwezi kumjua vizuri.

Ilikuwa mwaka tulipofungua tangi jipya la maji. Mgeni rasmi ameshafika, kwaya imeshapanga mistari, na Vedasto akaweka kamera yake juu ya boneti ya gari afunge kiatu. Dereva hakuiona, akaondoa gari. Tuliokota vipande. Eliapenda alituvuta mimi na Vedasto nyuma ya jiko, akatoa Kanoni yake na kusema, "Chukua, mzee. Kazi kwanza, matusi baadaye." Vedasto aliitazama kama mtu aliyepewa kiatu cha marehemu. Kisha akatoa ukanda wake wa njano kwenye vile vipande, akaufunga kwenye Kanoni, akaomba utepe mweusi wa fundi umeme na kuliziba jina. Ndivyo alivyokwenda mbele za watu.

Picha za mwanzo zilitoka vizuri. Mgeni rasmi alipofungua bomba, Vedasto alitaka kumleta karibu, uso na maji. Mkono wake ukazungusha pete ule upande wa siku zote, na badala ya kumleta karibu ukampeleka mbali. Mgeni rasmi akatoka mdogo kama kuku, na pembeni yake wakaingia wapishi, kwaya, mbwa, na walinzi waliokuwa nyuma ya tangi wakicheka. "Hiyo futa," alimwambia Eliapenda akimrudishia kamera. Eliapenda akasema sawa. Tuliojua tulikuwa watatu, tukanyamaza.

Sasa niwataje walinzi. Mmoja wao alikuwa Parmuat, Mmasai wa Oloipiri, aliyewasindikiza wageni kutoka mahemani hadi mezani wasikutane na nyati. Wageni wote walitaka kumpiga picha, lakini Parmuat hakutaka hata moja. Alijifunika shuka usoni na kuwaambia, "Mimi siyo nyati. Nyati wako kule, wapige." Vedasto alimheshimu. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja hakumwelekezea kamera, ila mara nyingi walikaa wote kwenye jiwe wakingoja ukungu utoke, wakizungumza habari za ng'ombe.

Parmuat aliugua kifua, akafa mwaka juzi. Miezi michache baadaye mke wake, Nanyokie, alikuja kambini kwa lifti ya gari la mahindi. Alimkuta Vedasto stoo, nami nikiwa naye.

"Nimekuja kuchukua picha ya mume wangu," alisema.

"Mama, sina. Alinikataza."

"Alikataza wageni. Mimi ni mgeni?" Nanyokie akaendelea, "Mtoto wangu wa mwisho hajui baba yake alikuwaje. Ananiuliza kama alikuwa na ndevu. Namwambia, kesho ananiuliza tena. Kadi yake ya kupigia kura ilikaa na jasho mpaka uso umefutika. Nitamwonyesha nini?"

Tulishusha maboksi yote. Bahasha za zamani, filamu, diski. Tulipata kisogo cha Parmuat, tukapata rungu lake, tukapata shuka lililofunika uso. Nanyokie alikaa kwenye gunia la mkaa akipokea kila moja, akiitazama, akiirudisha. Gari lake la kurudi Oloipiri lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi.

Mimi ndiye niliyesema, "Mzee, siku ya tangi."

"Ile ilifutwa."

"Eliapenda hafuti kitu. Unamjua."

Vedasto aliketi juu ya boksi. Nje tulisikia madereva wakila, na sauti ya Eliapenda juu ya wengine wote. Baada ya chakula alikuwa anawapeleka wageni Serengeti, na huko simu haipatikani kila mahali. Hakukuwa na nafasi ya kumvuta pembeni. Vedasto alisimama, akajipangusa magoti, akaenda, na Nanyokie akamfuata nyuma.

"Eliapenda, ile picha ya tangi unayo?"

Eliapenda aliona mlango wa utani umefunguliwa, akaingia. "Picha ipi, mzee? Aliyepiga nani?"

"Mimi."

"Kwa kamera gani? Sema, hawa vijana wasikie."

Vijiko vilisimama. Vedasto alisema, kwa sauti ya kawaida tu, "Kwa Kanoni. Ya kwako. Niliziba jina kwa utepe."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na ugali. Mwingine akasema, "Na ule mkono, mzee? Tuukate?" Eliapenda alikuwa ameshavua kofia aipunge, ndipo akamwona Nanyokie amesimama nyuma ya Vedasto. Akaishusha kofia. "Shikamoo mama," alisema, ingawa kwa umri wanalingana. "Parmuat yumo mle?"

"Hatujui," Vedasto alijibu. "Alikuwa nyuma ya tangi. Labda yumo."

Eliapenda alimpigia mke wake Karatu, akamwambia atafute kopo la biskuti lenye kadi za zamani za kamera, alipe gari la wafanyakazi lilete lote. Kisha akaondoka na wageni wake. Sisi tulingoja mpaka jioni. Gari lilipofika, Vedasto alichomeka kadi moja, akachomeka nyingine. Nilimwona akifuta miwani ambayo haikuwa chafu.

Ilikuwepo. Mgeni rasmi yule yule mdogo kama kuku, na nyuma ya tangi Parmuat, shuka begani, hajui kuna kamera, anacheka kwa mdomo wote. Vedasto alimkuza polepole mpaka sura ikajaa.

Nanyokie alisogea karibu, akaweka kidole kwenye kioo. "Hilo pengo," alisema. "Mnaliona hilo pengo? Alikuwa analificha kwa mkono akicheka." Kisha akacheka yeye, na baada ya kucheka akalia, na sisi tukatoka nje. Asubuhi aliondoka na picha mbili kubwa ndani ya karatasi ngumu. Nyuma ya kila moja Vedasto aliandika kwa mkono wake: Imepigwa na Vedasto Tluway, kwa Kanoni ya Eliapenda.

Asidhani mtu kwamba alibadilika. Kesho yake alikuwa anampa mgeni mmoja pole kwa kamera yake. Ila ule mkono hakuuinua tena mezani, na Eliapenda, ambaye angeweza kumtania kwa hilo mpaka leo, sijamsikia akilitaja.

Mzee Vedasto, kambi inakushukuru kwa picha zote zilizo ukutani kwenye ukumbi wa chakula, na kwa paspoti saizi zetu ulizotupiga bure mbele ya shuka jeupe la mapokezi. Ukakae Ganako kwa afya, mama Dorkasi akuzoee tena mchana, mahindi yakujibu na magoti yasikusumbue.

Mimi kwenye sherehe sitakuwepo. Huku tunalala watu wengi banda moja, na kila mtu ana uso wa nyumbani kwake ndani ya simu yenye ufa. Mimi nina mke na watoto kijijini Buger, na hatujawahi kupiga picha tukiwa wote, kwa sababu siku zote nilikuwa upande wako, nimeshika stendi. Kipande chetu cha barabara kinaisha mwezi wa tatu. Nategemea kufika Karatu wiki moja kabla ya Pasaka, na Jumatatu ya Pasaka nitawaleta kwako wote, wameoga. Tupige, mzee. Kwa kamera yoyote utakayoipata.