Kitunguu Saumu Katika Sikio la Kushoto

Ndugu zangu wa jumuiya, Tumsifu Yesu Kristo. Mtanivumilia nikisoma karatasini. Nimeiandika mara nne na bado sina hakika nayo, lakini nikisema bila karatasi nitazunguka mpaka niliruke lile lililonisimamisha hapa.

Mnanijua. Ni yule kijana aliyemaliza chuo, ambaye kila Alhamisi mnaniuliza kama kazi imepatikana, nami najibu bado. Huku nikisubiri, namsaidia baba mdogo kwenye mashine yake ya kusaga mahindi hapa Bwera. Nilitaka kujiandaa kwa usaili, basi nikawa natia spika ndogo za simu masikioni, nasikiliza maswali na majibu kutwa nzima, sauti juu kabisa ili ishinde injini. Miezi ikapita hivyo. Siku moja nilizitoa, mashine imezimwa, na sikio la kushoto likaendelea kulia kama nyenze. Likalia wiki nzima.

Mwingine angekwenda kupimwa. Mimi niliwaza. Kwetu Karambi, bibi alituambia kwamba sikio la kushoto likilia, mtu anakusema vibaya. Ukitaka kumjua, unataja majina mojamoja, na jina litakalolinyamazisha ndilo lake. Tulipokuwa watoto ulikuwa mchezo. Mimi, na shahada yangu, niliketi juu ya gunia la pumba nikaandika majina thelathini na moja. Nilipotaja la mama mmoja muuza vitenge, mwanajumuiya mwenzetu aliyetoka Beni, ng'ambo ya mpaka, ambaye kibanda chake kinatazamana na mashine yetu, sikio likanyamaza.

Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilikuwa nimepata jibu. Nikakumbuka kwamba juzi alimnong'oneza mwenzake nilipopita, na kwamba siku nyingine alikatiza kicheko aliponiona. Ushahidi ukawa mwingi kuliko nilivyohitaji.

Alhamisi iliyofuata, wakati wa maombi, nilisema maneno ambayo mlioyasikia hamjayasahau: "Tuwaombee wenye ndimi ndefu, hasa waliopokelewa kwetu kama wageni, wajue kukaa kwa adabu." Nanyi mkaitikia. Siku ile aliyetoka Beni alikuwa mmoja tu kati yetu. Alimaliza rozari, akakunja kitenge chake, na Alhamisi tatu zikapita bila yeye kuja. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami nilijiambia kwamba kimya chenu ni kukubali.

Sikio halikupona. Jirani akanishauri mafuta ya mnyonyo ya uvuguvugu, nikatia. Dereva mmoja wa lori akasema maji ya kitunguu, nikatia. Kisha nikasoma kwenye simu habari za kitunguu saumu, nikamenya punje moja nikaisukuma ndani. Ilikataa kutoka. Nikaifuata kwa njiti ya kiberiti, ikazidi kuzama. Siku mbili nilimimina mahindi ya watu nikiwa nimejifunga skafu kichwani, shavu limevimba, naona aibu kumwambia hata baba mdogo.

Aliyeona ni yule mama. Alivuka barabara akaniinamia. "Weye mutoto, sikio inatoka maji. Simama, tuende." Ilikuwa siku ya soko, na akafunga kibanda.

Kwenye benchi la kituo cha afya sikumtazama. Muuguzi aliivuta ile punje kwa koleo, akaiweka kwenye sahani ya chuma. "Kijana, kitunguu tumekiona. Nyama iko wapi?" Benchi zima likacheka. Mama peke yake hakucheka.

Baada ya kunipa dawa ya kidonda, muuguzi alinieleza kwamba kilichoumiza sikio ni makelele, na kitunguu kimeongeza jeraha. Mlio huenda ukapungua taratibu. Niepuke sauti kubwa, nisitie kitu chochote sikioni, na kukiwa kimya nifungulie redio kwa sauti ya chini, kwa sababu sauti nyingine huufunika mlio. "Hata mashine yenu ikiwaka huusikii, sivyo?"

Hapo nikakumbuka. Nilipolitaja jina la mama yule, ndipo baba mdogo alipokuwa akiwasha injini.

Njiani nilimwambia yote, hata orodha. Tukafika kibandani. Ndipo akasema, "Jina yako niko nataja kila siku, sikufiche. Ni mu rozari, Mungu akupatie kazi." Akafungua kufuli. "Beni nilikimbia bunduki. Hapa nilifikiri nimefika."

Nilimwomba radhi palepale.

Namshukuru muuguzi, na baba mdogo, ambaye sasa amenipa kazi ya kushona magunia nyuma, mbali na injini. Mlio upo bado, mdogo. Ukianza, nafungulia redio kidogo, sitafuti jina la mtu. Mwenye sikio linalolia akapimwe, asiende jikoni. Na anayedhani anasemwa amwulize mwenzake kwanza, kabla ya kumsemea kwa Mungu.

Mama, nashukuru umekuja leo. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu, kwa hiyo haitoshi kukuomba radhi kibandani. Nanyi ndugu zangu, niliwaitikisha jambo baya. Naomba niliseme upya, mnisaidie kulifuta.

Tuwaombee wanaotutaja kwa wema nasi hatujui, na sisi tuliowadhania vibaya tusamehewe. Ee Bwana...