Julai Aliyoichagua Marehemu Wamae Gicheru

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani, nanyi wakwe zetu mliotoka Chogoria mkafika hapa Naro Moru na matope hadi magotini, asanteni kwa kuja, nami Muriithi, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake.

Josphat Wamae Gicheru alizaliwa tarehe 14 Agosti 1943, katika shamba la mzungu alikofanya kazi baba yetu, mzee Gicheru, na mama yetu Watiri, akiwa mtoto wao wa kwanza. Alisoma shule ya msingi hapa hapa Naro Moru hadi mwaka wa 1959, akaanza kuwabebea wageni mizigo mlimani mwaka wa 1962, na mwaka wa 1970 akawa kiongozi wa wapandaji, kazi aliyoifanya mpaka mwili ulipomkatalia.

Mwaka wa 1973, akivusha wageni hadi upande wa mashariki, alikutana na Gaceri, binti wa mzee Miriti wa Chogoria, na tulipokwenda kuposa, mzee akalalamika kwamba binti yake anapelekwa nyuma ya mlima, naye Wamae, bila kushauriana na wazee tuliokwenda nao, akaahidi mbele ya watu wote kwamba siku moja angemrudisha kwao kwa kumvusha juu, karibu na theluji. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1974, wakajaliwa watoto watatu, Gicheru, Watiri na Miriti, majina yakitoka pande zote mbili za mlima.

Ahadi ile ilingoja sana, maana msimu mzuri wa kuvuka ni Januari na Februari, mvua ikiwa imekatika huku na kule, na huo ndio msimu wa wageni, kwa hiyo kila Januari Wamae aliwavusha watu wa mbali, huku Gaceri akienda kwao kwa basi kupitia Embu, akimtania kwamba mlima wake una nafasi ya kila mtu isipokuwa mkewe.

Mwezi wa Machi 1997 alianza kushindwa kumeza chakula, na mwezi wa Mei madaktari mjini Nyeri wakamwambia kwamba ni saratani ya koo. Tulimsihi atumie dawa kwanza, avuke Januari, lakini yeye akasema atavuka Julai, tukadhani ugonjwa umempanda akilini, kwa sababu Julai kwetu ni gathano, msimu wa baridi na ukungu, mlima hauonekani hata wiki nzima, na sisi wakulima wa huku chini tukikosa kuuona husema umefungwa. Alitueleza kwa upole kwamba ukungu huo ni wetu wa huku chini, wala haumfikii aliye juu.

Tarehe 15 Julai waliondoka, yeye na Gaceri, wana wao wawili na wapagazi aliowafunza kazi, nami nikafuata nikiamini kwamba tunakwenda kumzika huko. Tulipanda ndani ya ukungu hadi tukapita msitu, nguo zimelowa, kisha ghafla tukatokea kwenye jua, anga tupu ya buluu, vilele viko mbele yetu, na chini nchi yote ya Nyeri imefunikwa na mawingu meupe, nikajikuta nimevua kofia kama mtu aliyeingia kanisani. Wamae alikwenda polepole, akiishi kwa uji na maziwa, na tulipofika pale pa kuvukia, Gaceri aliliona bonde linaloshuka hadi kwao, akalia kwa sauti, akimshukuru Mungu na kumgombeza mumewe kwa kumficha jambo kubwa namna hii miaka yote hiyo. Wakwe walitupokea chini kwa nyimbo.

Mwezi wa Oktoba hakuweza tena kusimama, na mvua ya El Nino ikaanza, ambayo haijakatika hata leo, na tarehe 14 Januari 1998 alitutoka akiwa mikononi mwa Gaceri, katika mwezi ule ule tuliomwambia asubiri, njia za mlimani zikiwa hazipitiki kwa theluji na matope. Hakujua mvua hii inakuja, hakuna aliyejua, na mimi hadi sasa nastaajabu mbele za Mungu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliosukuma gari la jeneza kutoka barabarani, na viongozi wenzake wa mlimani waliobeba jeneza mabegani gari liliposhindwa kabisa. Gaceri ameniomba nimalize kwa kusema kwamba hajawahi kumwona mumewe akifurahi kama alivyofurahi pale juu, na kwamba hilo linamtosha. Wamae, ndugu yangu, pumzika kwa amani.