Risala ya Mafundi wa Sare Kuhusu Mwanafunzi Aliyerudishwa Nyumbani

Mgeni rasmi, mwalimu wetu mkuu, pamoja na walimu ulioongozana nao,

Karibuni sana karakanani kwetu kuchukua sare za mwaka huu. Mtuwie radhi kwa nyuzi zilizonasa kwenye nguo zenu. Humu hakuna asiyetoka nazo.

HISTORIA FUPI

Sisi ni mafundi kumi na mmoja, na shule yako tumeishonea miaka tisa. Kati yetu wamo mkata vitambaa na mama yake mzazi, mshona vifungo, tuliyemchagua asome risala hii kwa kuwa ndiye pekee anayeona bila miwani. Binti wa mkata vitambaa ni mwanafunzi wako wa darasa la sita, yule uliyemrudisha nyumbani wiki tano zilizopita kwa kupiga kelele darasani.

MAFANIKIO

Sare zote zimekamilika. Lakini fanikio kubwa ni kwamba sasa tunajua mtoto ana nini. Alipoanza kupepesa macho, bibi yake alimnunulia miwani. Alipoanza kuguna, akamnywesha dawa ya kikohozi, chupa baada ya chupa. Mama yake alimfinya, kisha akaenda kulia chooni. Mwezi uliopita daktari alieleza kuwa ni hali iitwayo Tourette: mwili hujitikisa na sauti hutoka bila mtoto kutaka, na kujizuia ni kwa muda mfupi tu, kama mtu anayezuia chafya.

"Si utundu, mama, wala si malezi yako," alisema.

Mkata vitambaa akamwomba arudie. Akarudia. Mama wa watu akarudi nyumbani kama aliyetuliwa gunia kichwani.

Tangu afukuzwe, mtoto hushinda nasi. Cherehani zikinguruma, hasikiki. Siku moja umeme ukakatika, karakana nzima ikanyamaza, ikabaki sauti yake peke yake, kii, kii. Akajiziba mdomo. Fundi wa kola, ambaye ulimi wake tunaujua, akasema bila kuinua kichwa, "Afadhali ipo mashine moja isiyotaka umeme." Mtoto alicheka mpaka akakaa sakafuni. Tulikuwa tumekisahau kicheko chake.

CHANGAMOTO

Wenzake humwiga. Akiambiwa anyamaze, sauti huzidi. Akijizuia, hasikii tena somo. Tunamshukuru mwalimu wake wa hisabati, aliyemletea mazoezi kila Ijumaa na kuyasahihisha hapa kwenye meza ya kukatia, amesimama, maana viti vyote vina watu.

MAOMBI

Kwanza, akihitaji kutoka nje kidogo, atoke bila kuulizwa. Pili, asikalishwe peke yake.

Tulikuwa na ombi la tatu, nalo ndilo lililotunyima usingizi: arudi shule. Tumelikata kwa kalamu sasa hivi. Ulipokuwa ukikagua sare, aliguna pembeni yako mara nne; bibi yake alihesabu. Wewe ukaendelea kukagua mishono. Kisha ukamwambia, "Jumatatu, saa moja kamili. Ukichelewa utafagia kama wenzako."

Hatujawahi kufurahia kitisho namna hiyo. Mama yake ameshika mkasi tangu wakati huo, na hajakata kitu.

Mungu akuzidishie afya, na mikono yako isipungukiwe watoto wa kulea.

Ni sisi,
Mafundi wa Karakana ya Sare