Mtindi Uliogoma Kuganda

Benchi la mbele ya duka la kinyozi hupata jua tangu asubuhi, na ukuta wake hubaki na joto hadi alasiri. Ndiyo sababu Mwalimu, aliyefundisha baiolojia hadi akastaafu, alikuwa amekaa hapo kwa siku ya pili, chupa ya maziwa kaiviringishia sweta na kuiegemeza ukutani. Marehemu mkewe aligandisha mtindi kwa miaka kumi na tisa: kijiko cha mtindi wa jana ndani ya maziwa ya leo, bila kukatisha. Wiki sita baada ya mazishi kilibaki kijiko kimoja tu. Mwalimu alikimiminia maziwa yaliyotoka jikoni yakifuka mvuke.

Fundi baiskeli, wanayemwita Spoku, aliinamisha chupa. Maziwa yakateleza kama maji.

— Bado, mzee.

— Miaka mitatu chuo kikuu unasomea vijidudu, halafu unavichemsha, alisema Kiwembe, mwenye duka, akipangusa mashine yake ya kunyolea kwa brashi.

— Nilivichemsha kweli. Lakini huenda havijafa vyote.

— Vimegoma, alisema Spoku. Vinaujua mkono uliovilisha. Mwingine akishika sufuria, vinanuna.

— Hapana, ni ule mnara wa simu, alisema Kiwembe. Tangu uwashwe, hata nywele za wateja wangu zinaota upande mmoja.

— Zinaota sawa, alisema Spoku. Wewe ndiye unayenyoa upande.

— Basi visikilizishe sauti ya mkeo, Mwalimu, alisema Kiwembe. Simu yako si ina ujumbe wake?

Mwalimu alizungusha kikombe cha kahawa kiganjani. Ujumbe ulikuwepo. Sekunde kumi na moja, akimwagiza vitunguu.

— Havina masikio, alisema. Sikilizeni. Bakteria wa chupa moja ni kama mapacha. Ukiwapa maziwa mazuri, karibu wote wanakua mbio. Ila hawakosekani wachache waliozubaa.

— Wagonjwa? aliuliza Kiwembe.

— Wazima kabisa. Ni bahati tu. Ndani ya seli mambo hayaendi kwa kipimo kimoja: huyu kitu fulani kimemzidi, yule kimempungukia, basi huyu anakua, yule analala. Siku za neema, waliolala wanaachwa nyuma. Siku ya moto, wanaokua ndio wanaoungua kwanza.

— Kumbe wavivu ndio wanaookoa ukoo, alisema Spoku. Mke wangu angekuwepo akusikie.

— Wewe usijitie humo, alisema Kiwembe. Na hao waliolala wanaamka lini?

— Kila mmoja kwa wakati wake. Baada ya saa nne, baada ya saa arobaini. Au hawapo.

Hilo la mwisho alilisema taratibu, kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea matokeo ya mtihani.

Ndipo akafika shemeji yake, mdogo wa marehemu. Alikuwa amepita nyumbani akakuta mlango umefungwa. Aliwasalimia, akasimuliwa kisa kwa kifupi, kisha akaifungua chupa, akainusa, akaiinamisha. Safari hii maziwa ya juu yaliteleza, lakini ya chini yalichelewa, yakafuata polepole, mazito.

— Mtindi unaanza kushika, alisema.

Kiwembe aliweka brashi chini. Spoku alisogea kuona. Mwalimu hakusogea, alikuwa ameshikilia ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

— Lakini shemeji, alisema yule mwanamke akirudishia kifuniko, wewe si hunywi mtindi? Miaka yote hiyo dada alikuwa anakunywa peke yake. Huu ukiganda utakuwa wa nani?

Spoku alimtazama Kiwembe. Kiwembe alitazama ndani ya kikombe chake cha kahawa, hakikuwa na kitu. Mwalimu aliipokea chupa, akaizungushia sweta mara mbili, akaipakata.

— Kesho watahitaji maziwa mengine, alisema.