Bi Watiri na Kiti Kilichohama

Bi Watiri Gatimu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1989, baada ya miaka ishirini na mitano na miezi minne katika Baraza la Mji wa Kirurumo. Aliingia akiwa mpiga taipu, anatoka akiwa karani wa kumbukumbu za mikutano, na hakuna diwani aliyewahi kumshinda kwa maswali.

Na lo, maswali! Wiki yake ya kwanza alipewa tangazo la soko lenye maneno “kwa mamlaka ya Baraza”. Akasimamisha mashine, akauliza mamlaka hayo yanatoka wapi. Akaambiwa, kwa madiwani. Na madiwani wameyatoa wapi? Kwa wapiga kura. Na nani aliwaambia wapiga kura kwamba wanayo? Tangazo likachelewa siku mbili.

Mzee Aden, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nanyuki, naye hakupona. Alipofuata kibali cha mnada aliulizwa kwa nini anahangaikia karatasi ambayo hakuna anayeikagua. Alicheka, akasema ati kuna diwani mmoja hampendi hata kidogo, lakini karatasi hiyo ikiwa mfukoni, huyo diwani hana la kumfanya. Bi Watiri alilitafuna jibu hilo juma zima.

Lakini mwaka tunaomkumbukia ni 1974. Bwana Kihara alikuwa ametuongoza miaka tisa, akikalia kiti kikubwa cha mbao ya mutamaiyu ambacho watu wawili hukiinua kwa shida. Mwaka huo madiwani walimchagua Bwana Wamae mahali pake, kura sita kwa tano. Siku ya mkutano wa kwanza tunaingia ukumbini, kiti hakuna! Bwana Kihara alikuwa amekipakia kwenye pikapu na kukipeleka sebuleni kwake. Wala hakuwa mwizi. Tulipomuuliza alishangaa kwa dhati. Miaka tisa chifu, padri na watoto wa shule walimwita mwenyekiti, naye alielewa hivyo hivyo, kwamba ndiye mwenye kile kiti. Sisi wa huku mlimani Kiswahili tulijifunza shuleni na barabarani, na neno tunalichukua jinsi linavyosikika.

Ungecheka, ila siku hiyo hatukucheka. Madiwani watano wa upande wake walisimama wakasema bila kiti hakuna mwenyekiti, bila mwenyekiti hakuna mkutano, basi uchaguzi urudiwe. Nakala ya kumbukumbu zetu ilikuwa inapelekwa Nyeri kwa wakubwa. Ikisomeka huko kwamba mwenyekiti hakuwepo, kura za Bwana Wamae zimekwenda na maji. Karani wa mji alikuwa likizoni, nami ndiye niliyekaimu. Niliogopa. Bwana Kihara ndiye aliyeniajiri. Nikamvuta Bi Watiri kando, nikamwagiza aandike kwamba mwenyekiti hakuwepo, na akikataa atafute kazi kwingine. Nilijua ana watoto wanne, na mumewe anaugua nyumbani Gakindu. Nilijua, na bado nikasema.

Aliomba robo saa. Akasoma kanuni za mikutano kuanzia jalada hadi jalada, akarudi kunieleza, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba kanuni zinataja kura, idadi ya wajumbe na muhuri, lakini samani hazimo. Kisha akaibeba stuli yake ya kupigia taipu, akaiweka kwenye meza kuu. Bwana Wamae, mtu mrefu, akaikalia magoti yakikaribia kidevu. Bi Watiri aliandika amesimama dirishani saa tatu nzima. Mstari wake wa kwanza tunaujua kwa moyo hadi leo: “Mwenyekiti alikuwepo. Kiti hakikuwepo.”

Mkutano ukaendelea, na mradi wa maji ya soko ukapitishwa. Kikao kilichofuata Bwana Kihara alisomewa kumbukumbu hizo, akaomba asomewe tena. Jumamosi alikirudisha kiti mwenyewe, tena kimepakwa vanishi. Tangu hapo hakusimama kuchangia hoja kabla ya kupita kwa Bi Watiri kuuliza maana ya maneno.

Mimi sikumfukuza. Nilifanya jambo baya zaidi, kimyakimya: nilitia barua ya onyo kwenye faili lake, kosa likiwa “ukaidi”. Barua ile ilimzuia kupanda cheo miaka tisa. Hakuwahi kunigombeza. Kila Januari alikuja mezani kwangu kuuliza alivunja kanuni ipi, na kila Januari nilijifanya nina shughuli.

Mwezi uliopita nilimwambia nataka kuitoa barua hiyo niichane. Alikataa katakata. Alisema rekodi za Baraza hazichanwi ati kwa sababu mkubwa ameona haya; ile ibaki palepale, niandike nyingine, iwekwe juu yake, na niweke sahihi.

Basi hii ndiyo hiyo nyingine. Bi Watiri, Baraza linakushukuru kwa kila ukurasa ulioandika, na kwa kila swali tulilokimbia. Nenda Gakindu ukapumzike, kahawa yako izae, na majirani wajiandae kuulizwa. Uzee wako uwe wa heri.

Nawe hukuvunja kanuni yoyote. Mimi ndiye niliyeivunja. Nisamehe.

J. Theuri,
Karani wa Mji, Kirurumo