Kibao cha Mlangoni Kwangu

Mheshimiwa mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi wenzangu, na nyinyi wahitimu mliopendeza mpaka tunashindwa kuwatambua: shikamooni mnaostahili, na wengine hamjambo. Nimeambiwa niseme kwa niaba ya wazazi. Hotuba sijazoea, lakini mdomo ninao.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la nne. Binti yangu, yule wa mstari wa pili anayejificha chini ya kofia, mmemfundisha kuandika matangazo, na zoezi lake la kwanza alilifanyia mlangoni kwangu. Alitundika kibao: "Kwa nini uvae nguo iliyopinda?" Nikamuuliza, mwanangu, unamsema nani? Akajibu, "Mama, sijamtaja mtu. Nimeuliza tu."

Ndugu zangu, mtaa wetu una mafundi wawili. Kama zangu hazijapinda, zilizopinda ni za nani? Hilo nalo linahitaji diploma?

Basi wateja wakamiminika. Jirani yangu, yule fundi wa pili, ambaye kwa miaka kumi na moja tumeazimana mkasi na pasi, akawa anashinda mlangoni kwake, mikono mapajani. Siku moja akanirudishia pasi yangu, imefungwa kwa gazeti, bila salamu. Binti alielewa papo hapo, akataka kukishusha kibao. Aliyesema kiachwe ni mimi. Nilisema, "Subiri kwanza, si hatujamtaja mtu?" Kikakaa wiki mbili zaidi.

Wahitimu, maneno yenu yananoga na yanavuta watu. Kabla hamjayatundika, angalieni ni nani atakayebaki mikono mapajani. Sina lingine la kuwafundisha.

Kibao nilikishusha, ila msamaha sikuomba. Nilimpelekea kitambaa tu, anishonee gauni la leo. Alinipima. Pini ilinichoma, nikaivumilia, maana nilistahili mbili.

Gauni ndilo hili. Nageuka, tazameni mabega, tazameni pindo: limenyooka. Aliyelishona yuko kiti cha mwisho, karibu na mlango. Dada yangu, leo nataja mtu: ni wewe, na nilikukosea. Nisamehe.

Naona amejifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Namjua huyo, anacheka. Anasema pindoni imebaki pini, nisithubutu kuketi.

Basi dada, njoo uichomoe mwenyewe. Na ile pasi bado ipo, inakusubiri. Nyinyi wengine, nawashukuru kwa kunitegea masikio. Asanteni sana.