Assumpta Mulvihill na Geti la Uwanja Mkubwa

Baba Paroko, majirani, wageni wetu wa Ballinagar, akina mama mliokesha jikoni kwetu mkipaka siagi mikate, na ninyi wanakamati wa klabu ya mpira wa magongo mliokaa viti vya mbele bila kukaribishwa na mtu, familia imenituma mimi, Concepta, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, si kama mlivyoyaandika jana kwenye ukurasa wa klabu, mlipomwita "mhudumu wetu mpole," kwa sababu huyo mpole sisi nyumbani hatujawahi kumwona.

Assumpta alizaliwa tarehe 2 Februari 1955 hapa Kilcorrane, mashariki mwa kaunti ya Galway, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Packie Kilkelly na mama Nonie, ambao wote wametangulia mbele za haki, na tangu anajifunza kutembea alikuwa akikokota gongo la baba lililopasuka, akipiga nalo chochote chenye umbo la mpira, viazi, vitunguu, na mara moja yai la bata bukini ambalo mama alikuwa ameliweka kwa ajili ya Pasaka, akachapwa, akalia, akarudi uani kupiga kingine.

Alianza shule ya msingi hapa Kilcorrane mwaka 1959, ambako kila Ijumaa wavulana walipelekwa uwanja mkubwa kucheza magongo na wasichana wakabaki darasani wakishona vitambaa vya meza, kisha mwaka 1967 akajiunga na sekondari ya masista mjini, wanawake wakali kama pilipili, Mungu awarehemu, lakini waliokuwa na akili ya kuwapa wasichana uwanja, na hapo akawa nahodha wa timu iliyotwaa kombe la kaunti la shule mwaka 1971, ushindi ambao klabu hii haikuutaja popote mpaka jana alipokwisha kufa.

Alipomaliza shule mwaka 1972 aliajiriwa kuwa karani katika mnada wa ng'ombe mjini, akafanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2015, na humo alijifunza kwamba mwanamume anayepiga kelele kuliko wote kando ya zizi mara nyingi hana nia ya kununua hata ndama, elimu iliyomfaa sana baadaye alipoanza kuhudhuria mikutano ya klabu.

Tarehe 11 Agosti 1979, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na shemeji yetu Jarlath Mulvihill, dereva wa lori la maziwa, mtu wa maneno machache na mikono mipana, wakajaliwa watoto wawili, Sorcha mwaka 1981 na Éanna mwaka 1984, na ilikuwa ni majira ya kuchipua ya mwaka 1988, siku Éanna wa miaka minne alipopewa gongo na kuingizwa uwanja mkubwa, huku Sorcha wa miaka saba akiambiwa asimame pembeni awashikie wavulana makoti, ndipo marehemu alipomshika binti yake mkono, akarudi naye nyumbani, na kabla sufuria ya viazi haijachemka akawa ameamua kuanzisha timu ya wasichana.

Timu hiyo aliianzisha kwa mikono yake, akiwa kocha, dereva, mfua jezi na mpiga chokaa mistari, na kamati kwa ukarimu wake mkubwa ikampa shamba la nyuma, lile la kando ya mtaro, ambako ng'ombe wa mwenyekiti wetu Malachy Tuohy walilisha asubuhi na wasichana wakacheza jioni juu ya walichoacha ng'ombe, wakivalia jezi ndani ya magari ya wazazi kwa sababu vyumba vya kubadilishia vilikuwa vya wanaume, nalo geti la uwanja mkubwa likafungwa kwa mnyororo kila jioni, eti nyasi zinapumzishwa kwa ajili ya timu ya kwanza ya wanaume, timu ambayo, tukiwa kanisani tusiseme uongo, haijawahi kuvuka raundi ya kwanza tangu Malachy alipokalia kiti hicho kama kuku aliyeatamia mayai viza.

Kila Desemba, kwenye mkutano mkuu wa mwaka, marehemu alisimama na hoja moja tu, kwamba wasichana wapewe uwanja mkubwa na vyumba vyake jioni moja kwa wiki, na kila Desemba alipigwa danadana, nasi tuliokuwepo tunayakumbuka maneno yenyewe, kwa kuwa mwaka 1998 Malachy alimjibu mbele ya watu wote, "Dada Assumpta, nyasi zimechoka, zinahitaji kupumzika," naye marehemu akauliza, "Zimechoshwa na nani, Malachy, na ninyi mmecheza mechi moja tu mkafungwa mkarudi nyumbani?" ukumbi ukacheka, mwenyekiti akawa mwekundu hadi masikioni, akagonga meza akisema, "Haya, hoja inayofuata ni ya chai, nani analeta keki?" na aliyeleta keki, msiulize, alikuwa ni yeye Assumpta.

Mwaka 2009 kamati iligundua ujanja mpya, ikamwambia kwamba hoja yake haiwezi hata kusikilizwa, kwa kuwa wasichana wako chini ya chama cha magongo cha wanawake ambacho ni chama kingine kabisa, na hivyo yeye si mwanachama wa klabu hii, yeye ambaye alikuwa amefua jezi za wanaume wao kwa miaka yote hiyo na kuuza tiketi za bahati nasibu ya klabu mlango kwa mlango kwenye mvua, basi akalipa ada ya uanachama papo hapo, akaitoa hoja upya, na shemeji Jarlath, ambaye hakuwahi kufungua mdomo hadharani tangu siku ya harusi, akainuka akasema, "Naunga mkono," na hapo Malachy, baada ya kunong'onezana na katibu wake, akatangaza kwamba mume na mke huhesabiwa kuwa sauti moja, kanuni ambayo haijaandikwa popote chini ya mbingu, na wanaume wazima, wengine wao wako humu wanatazama viatu vyao, wakaitikia kwa vichwa kana kwamba wamesikia Injili.

Hata hivyo alishinda, kwani mnamo Desemba 2022 mabinti aliowafundisha walikuwa wamekuwa mama, wakalipa ada, wakajaa ukumbi hadi mlangoni, hoja ikapita kwa kura nyingi, na Assumpta akarudi nyumbani akiimba ndani ya gari, asijue kwamba kamati ingeunda kamati ndogo ya kulitazama jambo hilo, ambayo imekaa, imekula sandwichi, imetazama, na mpaka asubuhi hii bado ilikuwa inatazama, na wasichana bado walikuwa kwenye shamba la mtaro, na mjukuu wake mwenyewe, binti wa Sorcha, amevunjika kifundo cha mguu humo humo, kwenye shimo la kwato.

Mwezi Januari mwaka 2024 alianza kuumwa tumbo, akapelekwa hospitali mjini Galway, akagunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa miezi sita, na alipoona dawa zinamchosha kuliko ugonjwa aliomba arudishwe nyumbani, ambako Malachy alikuja kumwona na kifurushi cha zabibu, akakaa ukingoni mwa kiti akisema, "Tunakuombea sana, mama," naye akamjibu, "Msiniombee, fungueni geti," Malachy akasema, "Tutalitazama," na dada yangu akacheka mpaka nesi akaja kumshika mbavu.

Mgeni huyo alipoondoka alinivuta karibu akaniambia, "Concepta, nikifa watanitaka, watasema gari lenye jeneza langu lisimame uwanjani, watajipanga na majaketi yao, watanifunika jezi, na geti watalifungua, kwa sababu maiti haiharibu nyasi, sasa wewe ukubali, ushukuru, na watoto wakishaingia wasitoke," akafunga macho, nami nikalia, kwa kuwa nilitaka aniachie neno la dada kwa dada na yeye ananiachia kazi ya uwanja, kisha nikajipangusa, maana hilo ndilo lilikuwa neno lake kwangu.

Alifariki dunia nyumbani kwake asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, akiwa ameshikwa mkono na Jarlath, na kabla hatujamaliza kumvalisha, katibu wa klabu alikwisha kupiga simu kutuomba heshima ile ile aliyoitabiri, tukakubali, tukashukuru, na leo saa nne mmejionea wenyewe, mnyororo ukatolewa, gari la maiti likaingia taratibu, kamati ikajipanga upande wa kulia, na upande wa kushoto wakajipanga wasichana wake ishirini na sita wakiwa na makoti marefu, mkawasifu kwa adabu yao, na wala hakuna aliyetazama miguuni akaona kwamba wote wamevaa viatu vya kuchezea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Galway ambao hawakumdanganya hata siku moja, nesi aliyekuja nyumbani kila asubuhi hata barabara ilipojaa maji, majirani waliokamua ng'ombe wetu na kuchimba kaburi, wafanyakazi wenzake wa mnada waliofunga mnada leo, na pia tunaishukuru kamati ya klabu, kwa moyo wote, kwa jambo moja, nalo ni kutufungulia geti, kwa kuwa kama mnawatafuta wale wasichana hamuwaoni kanisani, ni kwamba hawakutoka, wako katikati ya uwanja mkubwa, goli zimeshatundikwa nyavu, wenzao wa Ballinagar wamekwisha kufika na refa wao, kufuli liko mfukoni mwangu, na mbele ya parokia nzima, marafiki wa zamani wa timu na waandishi wawili wa gazeti la kaunti, kamati sasa iko huru kwenda kuwatoa watoto hao mmoja mmoja kwa mkono siku ya maziko ya kocha wao, ikiweza.

Malachy, kaa chini, misa haijaisha.

Dada, tangulia kwa amani, nasi utusamehe tukikuzika upesi, maana mpira unaanza saa tisa.